Kuku wa Kuchinja na Kuku wa Kuzika



Ni nyumba chache hapa kwetu zisizo na kuku. Hata mama anayeishi chumba kimoja cha kupanga mjini hutafuta kona ya kuweka tenga lenye matetea wawili na jogoo mmoja. Kuku ndiye daftari na sare ya shule, ndiye nauli ya kwenda msibani, ndiye kitoweo mgeni anapopiga hodi saa tano bila taarifa. Namna ya kumlisha na kumjengea banda huzungumzwa mara nyingi. Leo tunataka kuzungumza juu ya siku yake ya mwisho, yaani kumchinja na kumwandaa hapa hapa nyumbani. Jambo hili wengi wetu tulijifunza kwa kuchungulia tu bibi zetu walivyofanya, na tukarithi mazuri yao pamoja na yale yasiyofaa.

Tuanze na lisilofaa, kwa kuwa hufanywa na wanawake wema kabisa, wachapa kazi, wenye kujali nyumba zao. Mama anafungua banda asubuhi, anamkuta kuku amezubaa kwenye kona. Mabawa yameshuka, kinyesi ni cha kijani, shingo imepinda. Anajua kwamba ikifika jioni huyo hayupo. Basi anamwita kijana, “Lete kisu upesi kabla hajawa kibudu!” Mchana watoto wanakula wali kwa kuku na kufurahi, na mama anamshukuru Mungu kwamba mali yake haikupotea.

Tunaielewa sana hesabu ya mama huyu. Nyumba inayoona nyama mara mbili kwa mwezi haiwezi kumzika kuku kwa moyo mweupe. Lakini tunawaombeni tuipige hesabu hiyo upya, taratibu, maana kuna mambo ambayo mama hakuyaingiza.

Ugonjwa unaoleta balaa hili mara nyingi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka ule ule ulipoonekana pia katika kisiwa cha Java huko Indonesia. Unaletwa na virusi, hauna dawa ya kuutibu, na ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua kuku 8 au 9 kati ya 10, pengine wote. Virusi hivyo vimo katika kinyesi, mate, damu na utumbo wa kuku mgonjwa, na hunata kwenye manyoya. Sasa fikiri, mama. Unamchinja kuku huyo uani, damu inamwagika mchangani, manyoya yanapeperuka hadi kwa jirani, utumbo anatupiwa mbwa, na maji ya kunyonyolea unayamwaga kwenye mfereji ambako kuku wa mtaa mzima huja kudonoa. Umepata kitoweo cha siku moja. Baada ya wiki moja hivi vifaranga wako wanaanza kusinzia, na jirani naye anakuja kukuuliza kama kuku wako wazima, kwa sababu wake wanakufa.

Wengine hufanya lililo baya zaidi. Wakiona mmoja ameanguka, wanawakamata wale ambao bado wanasimama, wanawatia tengani na kuwakimbiza mnadani wakauzwe kabla hawajaonyesha dalili. Anayewanunua ni mama mwenzetu, pengine ametumia fedha za mchezo wa kina mama aanze ufugaji. Anawapeleka kijijini kwake na ugonjwa unafika pale siku hiyo hiyo. Jambo hili lina jina, nalo ni wizi, hata kama muuzaji anaimba kwaya.

Sasa lipo swali la afya ya walaji. Tuseme kweli: mdondo wenyewe haujulikani kumdhuru mtu anayekula nyama iliyoiva vizuri. Zaidi huleta uvimbe wa macho, tena kwa yule aliyemshika kuku mgonjwa au kumchanja kisha akajifikicha. Mama aliyekula kuku wa mdondo mara kumi na hakuumwa hasemi uongo. Shida ni kwamba kuku aliyezubaa hana kibandiko kinachosema anaumwa nini. Kuhara damu, homa ya matumbo ya kuku, kipindupindu cha kuku, sumu aliyodonoa shambani, vyote humfanya ashushe mabawa na kufumba macho. Hata daktari wa mifugo mara nyingi humtambua kwa kumpasua na kupima. Mama mwenye kisu jikoni atatambuaje?

Na upo ugonjwa mmoja ambao haufai kubahatishwa, yaani mafua makali ya ndege. Mwaka 1997 huko Hong Kong watu 18 waliambukizwa na 6 kati yao walikufa. Mwaka 2006 ugonjwa uliingia Afrika, Nigeria kwanza, kisha Misri na nchi nyingine. Mwezi Januari 2007 mwanamke kijana wa Lagos alifariki, naye alikuwa mtu wa kwanza nchini Nigeria kuthibitishwa kuwa nao. Huko Misri, katika miaka iliyofuata, wengi wa walioambukizwa walikuwa wanawake na watoto wa nyumba zinazofuga kuku na bata uani, na wengi wao walikuwa wameshika, wamechinja au wamenyonyoa ndege wagonjwa. Kwetu Afrika Mashariki, mwezi Januari 2017 Uganda ilitangaza aina nyingine ya mafua hayo katika ndege wa porini kando ya Ziwa Viktoria na katika kuku na bata wa kufugwa. Safari hiyo hakuna mtu aliyeripotiwa kuugua.

Tazama vizuri ni nani huyo anayeambukizwa. Nyama iliyochemka ikaiva huua virusi hivyo, kwa hiyo baba aliyekaa mezani akisubiri sahani yuko salama kuliko mkewe. Hatari iko kwenye beseni la kunyonyolea, kwenye damu na mvuke na utumbo, na hapo aliyeinama ni mama, mtoto wa kike kando yake akimsaidia na mdogo mgongoni. Ndiyo sababu tunasema kwamba jambo hili ni letu wanawake, wala tusingoje litangazwe na wengine.

Basi kuku aliyezubaa hachinjwi, na aliyekufa haliwi. Zamani Waisraeli walipewa sheria juu ya nyamafu (mkitaka, someni Mambo ya Walawi sura ya 17), na bibi zetu nao walikuwa na miiko yao juu ya kibudu. Anachimbiwa shimo refu kiasi cha mbwa kushindwa kufukua, anafukiwa, au anachomwa moto. Usimshike kwa mkono mtupu, vaa mfuko wa nailoni mkononi. Kisha nawa kwa sabuni, na kama wamekufa wengi kwa mara moja, mwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Wazima waliobaki wasitoke nyumbani, wala wageni wasiingizwe.

Mtu atatuuliza, “Na ile hasara?” Hasara hiyo ilikuja siku nyingi kabla ya kisu. Chanjo ya mdondo ya tone la jicho iitwayo I-2, ambayo hustahimili joto kuliko zile za zamani, hutengenezwa hapa Tanzania. Kila kuku hupewa tone moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Huchanjwa aliye mzima tu, maana tone halimponyi aliyekwisha kuugua. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wale wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Kwa hiyo wanawake wa jumuiya moja au mtaa mmoja wakichanga na kuchanja siku moja, gharama ya kila nyumba huwa ndogo sana ikilinganishwa na bei ya jogoo mmoja.

Kuna kuku mwingine ambaye hachinjwi, na huyu huwapita wengi. Ni yule anayeonekana mzima kabisa lakini yuko kwenye dawa. Tunanunua unga wa tetrasaiklini au wa salfa kwenye duka la pembejeo, tunawachanganyia kuku kwenye maji, wakichangamka siku ya tatu tunachinja. Dawa ile bado imo katika nyama na maini, na vivyo hivyo katika mayai. Kila dawa ina siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, zinazohesabiwa tangu siku ya mwisho ya kuinywesha. Kama muuzaji alikupimia unga kwenye kikaratasi bila kibandiko, mwulize akusomee kwenye kopo lenyewe, uandike tarehe ukutani bandani. Mtoto anayelishwa mabaki ya dawa namna hii mwaka hadi mwaka husaidia kuzalisha vijidudu sugu, na siku akiumwa kweli dawa za hospitali zinaweza kushindwa.

Sasa tuje kwa yule anayechinjwa.

Chagua ungali na nafasi, usingoje mgeni awe mlangoni. Jogoo mmoja hutosha matetea kumi hivi, waliozidi ni wa kitoweo, na nyama ya jogoo kijana wa kienyeji wa miezi mitano au sita haina mfano. Tetea anayetaga umwache, isipokuwa amezeeka. Inauma kumpasua tetea ukakuta ndani mayai machanga yamepangana kama shanga, makubwa kwa madogo. Aliye mzima utamjua: macho angavu, upanga wa kichwani mwekundu, miguu safi, manyoya ya nyuma makavu, na anakimbia ukimkimbiza.

Mkamate usiku akiwa amelala, umtenge. Asipewe chakula tena, maji apewe. Saa nane hadi kumi na mbili bila kula zinatosha. Sababu yake ni kwamba kifuko cha shingoni na utumbo vikijaa hupasuka wakati wa kupasua, na uchafu wote humwagikia nyama. Mama anayemkamata kuku aliyetoka kushiba pumba na kumchinja papo hapo anajitafutia kazi.

Kisu kiwe kikali. Hili tunalisisitiza kwa sababu visu vya majumbani mwetu vingi havikati hata nyanya, na kuku hukerezwa shingo kama kuni. Tunaruhusiwa kula nyama, haturuhusiwi kutesa. Mithali 12:10 ni fupi, itazameni. Wengi hukanyaga mabawa kwa mguu mmoja na miguu kwa mwingine. Ni njia inayofanya kazi kwa aliyeizoea, lakini mtoto akiifanya kuku huchomoka akiwa na jeraha, akakimbia uani akipiga kelele, na watoto wakacheka. Si jambo la kuchekwa. Ipo njia nyepesi. Chukua mfuko wa salfeti, kata pembe yake moja, mwingize kuku kichwa kikitangulia kitokee pale penye tundu, halafu utundike mfuko kwenye mti. Mabawa yamebanwa, anatulia. Shika kichwa, kata upesi chini ya taya mishipa ya pande zote mbili, damu iingie kwenye kopo lenye majivu. Ngoja dakika mbili au tatu mpaka matone yaishe na asitikisike tena. Asitiwe kamwe kwenye maji ya moto akiwa bado anapumua.

Nani achinje? Katika makabila mengi mwanamke hakuruhusiwa, na mpaka leo utamkuta mama mzima mwenye wajukuu anamtafuta mtoto wa kiume wa darasa la tatu amchinjie, ilhali mtoto mwenyewe anatetemeka. Sisi hatuoni sababu. Lakini jambo la majirani ni tofauti. Kama katika sherehe yako utaalika Waislamu, mwombe jirani Mwislamu akuchinjie tangu mwanzo, ili wote wale kwenye sinia moja bila mashaka. Hakuna unachopungukiwa. Mwaka 2013 mkoani Geita ugomvi wa nani achinje ulifika mahali mtu akauawa, na hilo linatosha kutuonyesha kwamba ni heri kuulizana kwa upole mapema.

Maji ya kunyonyolea huharibu kuku wengi. Yakiwa yanatokota, ngozi huiva, ikachanika pamoja na manyoya. Yakiwa ya vuguvugu, manyoya hayatoki na utakesha. Kwa kuku mmoja wa kienyeji, mimina kwenye ndoo lita tatu za maji yaliyotoka kuchemka, ongeza lita mbili za maji ya baridi. Mshike miguu, mzamishe na kumtikisa ili maji yafike kwenye ngozi, hesabu kama nusu dakika hadi dakika moja, kisha vuta unyoya mrefu wa bawa. Ukitoka bila kushindana naye, mtoe. Anza na mabawa na mkia, ndiyo magumu, halafu kifua. Vinyoya vidogo vinavyobaki mpitishe kwenye mwali wa moto upesi upesi, asipate moshi.

Kwenye kupasua usiwe na haraka. Kwanza ondoa ile tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia, maana huacha ladha mbaya. Legeza kifuko cha chakula na koromeo pale shingoni. Kisha chana kidogo chini ya kifua karibu na mkia, ukiinua ncha ya kisu juu isiguse utumbo, zungushia tundu la haja, ingiza mkono na uvute vyote kwa pamoja. Nyongo ni kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini. Kikate pamoja na kipande cha ini, usijaribu kukibandua, maana kikipasuka nyama yote huwa chungu. Mapafu yamejificha kwenye mbavu, yakwangue kwa kucha au kijiko.

Hapo simama uangalie kabla ya kuendelea. Ini zuri ni laini, lina rangi ya kahawia nyekundu, sawasawa kila mahali. Ukikuta madoa meupe au ya kijivu, vivimbe, usaha, maji mengi tumboni, au harufu ya kuoza, kuku huyo ni wa kuzikwa, hata kama nje alionekana mnene. Usikate sehemu mbaya ukabakiza nyingine.

Utumbo wa kuku mzima kabisa nao una vijidudu kama salmonela, ambavyo havimsumbui yeye lakini vinatuendesha sisi. Msafishe ndani ya beseni la maji safi, ubadilishe maji mara mbili. Usimweke chini ya bomba linaloruka, maana matone yake hufika kwenye vyombo na mboga. Halafu tuseme juu ya kachumbari. Tumeona jiko baada ya jiko ambamo kuku anakatwakatwa kwenye kibao, kibao kinafutwa kwa kitambaa, na hapo hapo zinakatiwa nyanya na vitunguu. Nyama itachemka, kachumbari haichemki. Kesho yake watu wanahara na lawama anapewa kuku, ingawa yeye aliiva vizuri. Kata kachumbari kwanza, uifunike, ndipo umlete kuku. Au uwe na vibao viwili.

Usipokuwa na friji, mpike mara moja. Mwenye friji ampumzishe saa chache, nyama italainika zaidi. Asikae mezani zaidi ya saa mbili katika joto letu. Ameiva pale unapochoma kwenye kiungo cha paja na maji yanayotoka ni meupe, si ya rangi ya damu. Jogoo au tetea mkongwe hahitaji mafuta kwanza. Mchemshe polepole kwa tangawizi, kitunguu saumu na limau hadi uma uingie, ndipo umkaange au umtie nazi. Miguu nayo usiitupe. Ichovye kwenye maji ya moto, ngozi ya juu itavuka kama soksi, ukate kucha. Inatoa supu nzito.

Kuhusu firigisi, mnajua wenyewe. Mahali pengi, kama kwa Waluhya wa Kenya, ni ya baba mwenye nyumba, na katika Buganda ya zamani mwanamke hakula kuku kabisa wala yai, ingawa yeye ndiye aliyepika. Baba kuheshimiwa ni vizuri, nasi hatuko hapa kuvunja nyumba ya mtu kwa kipande cha firigisi. Ila maini ni chakula chenye madini ya chuma kwa wingi, na wanaopungukiwa damu zaidi katika nyumba ni mama anayenyonyesha na mtoto aliyeanza kula. Zungumza na baba Fulani jioni akiwa ametulia. Akibaki na firigisi yake, ini liende kwa mtoto.

Mwisho ni uani. Manyoya na utumbo vifukiwe shimoni mbali na kisima, maji machafu yamwagwe humo humo, kisu na beseni vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na aliyemsaidia mama anawe mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kumbeba mtoto. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kukausha na kuhifadhi nyama kwa wasio na friji.